Mkwaju Mmoja

Jumatatu kompyuta ya chama iliamka haijui kusoma.
Fundi wa mjini alikuja Ijumaa, akaweka kila kitu kipya,
akapanda pikipiki kabla ukungu wa Newala haujamkuta,
na lugha ya zamani akaenda nayo.

Somoe akapiga simu: Njoo, inatapika maneno mekundu.
Foleni ilishafika nje ya ghala,
korosho ndani ya magunia, watu juu ya magunia,
na mnada Alhamisi.

Programu ni ya Shaweji. Mistari elfu mbili na ushei.
Aliiandika msimu ule wa bei nzuri,
kwa lugha ambayo wakati ule ndiyo ilikuwa lugha.
Uliiambia chapa, ikachapa,
kama unavyomtuma mdogo wako maji.
Hii mpya inataka mabano. Hii ni mkwe:
hodi kwanza, viatu nje, ndipo neno liingie.
Mabano mia nne na kumi.
Nimeyatia kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kikombe cha uji.

Kisha majina.
Ile ya zamani ilipokea jina kama gunia lililoshonwa, haikufungua.
Hii inapekua: haya ni maneno, au ni namba zilizovaa maneno?
Mzee Ng'itu akakwama getini
kwa ajili ya kile kikucha juu ya jina lake.

Nilikasirika, sitaficha.
Watu nisiowajua, ambao utomvu wa korosho haujawahi kuwachuna vidole,
walikaa wakaamua lugha isafishwe.
Usafi wao, usiku wangu.
Nikampigia Shaweji; siku hizi analima ufuta Nachingwea.
Akacheka. Ile? Ile nimeshaisahau,
akasema, na nyuma ya sauti yake jembe likagonga jiwe.

Bibi yangu alizaliwa kwenye pishi, akazeekea kwenye kilo.
Alipika kwa moja, akauza kwa nyingine,
akagombana na zote mbili.

Jumatano saa nane usiku ikakubali kwenda.
Nikaweka stakabadhi ya zamani kando ya mpya
nione kama zinafanana.
Hazikufanana.

Mzani hutoa gramu. Shaweji aligawanya kwa elfu.
Gramu elfu arobaini na saba, mia nane na hamsini:
ile ya zamani ilijibu kilo arobaini na saba,
ikanyamaza, ikafuta mdomo.
Hii mpya ikaandika 47.85.
Nikarudia. 47.85.
Kila gunia. Misimu sita.
Na sisi ndio tuliowafukuza walanguzi na kopo lao la kangomba,
tukawazomea hadi barabarani,
kumbe kangomba tunayo ofisini,
tumeiwekea nywila, tumeifunika kitambaa cha kufuma.

Mwongozo una dawa.
Ukitaka majibu yabaki kama yalivyozoeleka,
alama ya kugawanya, ule mkwaju, uandike mara mbili:
lugha mpya itameza kama ile.
Hakuna atakayeuliza. Vitabu vitalingana na vya mwaka jana.
Kidole kilikaa juu ya kitufe
mpaka mbwa wa mlinzi akaacha kubweka.

Nikauacha mmoja.

Alhamisi, Bi Mwanahawa Likomba, wa kwanza dirishani,
aliisogeza karatasi mbali na macho, akairudisha karibu.
Hiki kinukta kimetoka wapi?
Ni chako, nikasema.
Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga,
hakuondoka.
Na vya mwaka juzi, akauliza, viko wapi?

Somoe akaacha kugonga mhuri.